Historia Fupi ya Watoto Wetu Waliosomea Jikoni

Katika kijitabu hiki cha miaka kumi mmesoma habari za hisa, mikopo na sanduku letu la funguo tatu. Sisi tumeona tuandike pia jambo lisiloonekana kwenye daftari la mweka hazina, yaani jinsi akina mama wa Kichiwa walivyofundisha nyumbani watoto wao wenye ulemavu.

Jambo hili ni la zamani kuliko kikundi. Wengi wetu tulisoma shule ya msingi miaka ya 1970 na 1980. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka elimu ya msingi iwafikie watoto wote, na Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 ikawalazimisha wazazi kuandikisha watoto. Tulikwenda shule kwa wingi, asubuhi ya baridi, miguu peku kwenye umande. Lakini tuseme ukweli: kuna nyumba ambazo alibaki mtoto mmoja ambaye jina lake halikuitwa kwenye mahudhurio. Alikaa jikoni karibu na moto. Wageni wakija, anaingizwa ndani.

Siyo kwamba nchi haikuwa na shule za watoto hao. Shule ya wasioona ya Buigiri, Dodoma, ilianzishwa na Kanisa la Anglikana mwaka 1950. Shule ya viziwi ya Tabora ilianzishwa na Kanisa Katoliki mwaka 1963. Wenye ulemavu wa akili walisubiri zaidi, mpaka miaka ya 1980 ndipo madarasa yao yakaanza. Lakini Tabora na Kichiwa wapi na wapi! Nauli hakuna, na mama atamwachaje mtoto asiyeweza kueleza njaa yake? Basi mama akawa mwalimu, hata kama mwenyewe aliishia la saba au hakusoma kabisa.

Kikundi chetu kililijua jambo hili kwa aibu. Mwaka wetu wa pili, mwenzetu mmoja alikuwa akichelewa kila kikao. Katiba inasema mchelewaji alipe faini, nasi tukamtoza, tena tukamsema kuwa anatudharau. Alilipa bila kujitetea. Siku moja hakuja kabisa, tukatuma watu watatu wamfuate. Walimkuta amekaa kwenye mkeka na binti yake wa miaka tisa, mwenye ulemavu wa akili, wanahesabu maharage. Alishampeleka shule, akaambiwa arudi naye kwa kuwa atasumbua wenzake. Kumwacha peke yake hawezi, maana aliwahi kuungua motoni.

Kikao kilichofuata kilikuwa kigumu. Wengine walisema mfuko wa jamii ni wa misiba na ugonjwa, si wa mambo ya shule. Ndipo bibi mmoja akasimama akauliza, "Kwani huyu mtoto tunasubiri afe ndipo tumchangie?" Nyumba nzima kimya. Tulipiga kura, faini zake zote zikarudishwa, tukapanga zamu ya kukaa na mtoto siku za kikao. Kabla hatujafunga, wenzetu wengine wawili walisema kwamba na wao wana watoto ndani. Tulikuwa tumekaa nao miaka miwili bila kujua.

Kuanzia hapo tulijifunza kufundisha. Mwalimu mmoja mstaafu alituelekeza kwamba kazi moja igawanywe vipande vidogo. Kunawa uso, kwa mfano: kwanza kushika kata, halafu kuchota, halafu kumimina, na usiende cha pili mpaka cha kwanza kimekaa. Herufi tuliandika kwa kidole kwenye jivu. Kwa mtoto asiyeona tulifunga kamba kutoka mlangoni mpaka chooni, naye akaacha kungoja mkono wa mtu. Kwa asiyesikia vizuri tulizoea kusema tukimtazama usoni, tena kwa ishara. Fedha iliyotumika haikuwa nyingi. Kilichohitajika sana ni uvumilivu, na mtu wa kumpokea mama akichoka.

Hata hivyo tusijidanganye. Jikoni siyo shule. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa mtoto huyu haki ya kusoma kama wenzake, na elimu ya msingi haina ada. Kumfundisha nyumbani kulikuwa daraja tu, na daraja halijengwi ili watu walale juu yake. Kati ya watoto wale watatu, wawili wamepokelewa shule. Yule binti wa maharage bado yuko nyumbani. Sasa anajua kuhesabu fedha za viazi na kurudisha chenji, na hapunjwi! Lakini darasa hajawahi kukaa, na hilo ni deni ambalo sisi sote hatujalilipa.

Basi, ndugu msomaji, kama kwako kuna mtoto ndani, mtoe nje. Njoo naye kikaoni. Faini hatutozi tena.