Hongo ya Njia ya Kigwa na Jumba la Kwihara

Katika karne ya kumi na tisa, karne ya misafara, watu waliotoka Bagamoyo kwenda bara, wakiisha kuvuka Ugogo na pori la Mgunda Mkali, walipita Tura, Rubuga na Kigwa ndipo wakaingia Unyanyembe. Leo Kigwa ni kata ya Wilaya ya Uyui, mashariki ya mji wa Tabora, na mgeni apitaye haonyeshwi chochote cha kumbukumbu. Huambiwa aende Kwihara, kando ya mji, akalitazame tembe la Livingstone.

Tembe hilo lastahili kutazamwa. Limejengwa upya kwa mfano wa lile la kale, ambamo Stanley alikaa mwaka 1871 na kutoboa matundu ya bunduki katika kuta zake, baada ya Mirambo kuteketeza sehemu ya Tabora mwezi wa Agosti. Livingstone naye alikaa humo mwaka 1872, akingoja wapagazi kutoka pwani tangu Machi hata Agosti. Mwaka uliofuata Chuma na Susi walifika Unyanyembe na maiti yake. Lakini vita vile vya Mirambo havikuwa vya kwanza, na mwanzo wa fitina hauonekani katika jumba hilo. Kwa maoni yangu, mwanzo wake wafaa kutafutwa katika neno moja: hongo.

Siku hizi hongo ni rushwa, mali itolewayo kwa siri ili haki ipotoshwe. Katika lugha ya misafara ilikuwa ada ya njia. Mtemi alitozwa na nani? Hakutozwa na mtu. Yeye ndiye aliyetoza, hadharani, kwa nguo, shanga na waya, na mgeni aliyekwisha kutoa alipewa ruhusa ya kupita, na mara nyingi chakula. Wafanya biashara waliita jambo hilo unyang'anyi, na wasafiri wa Kizungu, waliokuwa wageni wao, wakaandika vivyo hivyo. Burton, aliyefika Kazeh tarehe 7 Novemba 1857 na kupokewa na Snay bin Amir, aliutaja msitu wa Kigwa kuwa mahali pa hatari. (Jina la Kazeh limebaki vitabuni tu, mji wote sasa ni Tabora.)

Baada ya Mtemi Fundikira kufa, utemi wa Unyanyembe ulishikwa na Mnywa Sere, naye akataka bidhaa za Waarabu zilipiwe ushuru. Waarabu walikataa, wakamfukuza, wakamsimika Mkasiwa mahali pake. Mnywa Sere akaingia porini akawa anaipiga misafara. Speke alipofika mwaka 1861 alikuta vita vinaendelea. Snay bin Amir, mwenyeji wake wa zamani, aliuawa katika vita hivyo. Mnywa Sere mwenyewe alikamatwa na kuuawa mwaka 1865. Stanley alipopita njia hiyo mwaka 1871, aliikuta Rubuga ni magofu, na Kigwa imeharibiwa vilevile. Vijiji vilivyowalisha wapagazi viliangamia katika ugomvi wa nani mwenye haki ya kutoza.

Isike, aliyemrithi Mkasiwa, alirudia dai lile lile la utemi mbele ya Wajerumani. Januari 1893, ngome yake ilipovunjwa na jeshi la Tom von Prince, aliilipua ghala ya baruti akiwa ndani.

Yawezekana kuwa maana ya rushwa ilikuwamo katika neno hili tangu zamani, kwani kuhonga ni kutoa kitu ili upate njia, na njia zi nyingi. Hata hivyo ni dhahiri kuwa wenye kutoza walipopoteza utawala, maana ya ada ilikosa mtu wa kuitetea, ikabaki ile ya aibu. Mwanafunzi asomaye habari za misafara kwa maana ya leo atadhani watemi wote walikuwa wala rushwa. Ingefaa basi katika tembe la Kwihara, karibu na habari za Livingstone, liwekwe pia fungu la nguo na shanga, na chini yake liandikwe neno hongo pamoja na jina la Kigwa.