Kutoka Sungusungu hadi Kamati ya Kata: Utambuzi wa Hatari ya Ukatili wa Kingono kwa Watoto, kwa Kurejelea Mwamapalala

Insha hii inachunguza swali ambalo historia ya sheria nchini imeligusa kwa mbali tu: ni nani aliyetarajiwa kutambua, kabla mtoto hajadhurika, kwamba mtu fulani ni hatari kwake?

Kata ya Mwamapalala leo imo katika Wilaya ya Itilima, iliyomegwa kutoka Bariadi wakati Mkoa wa Simiyu ulipoundwa mwaka 2012. Ni eneo la Wasukuma, wakulima wa pamba na wafugaji. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 sungusungu ilienea Usukumani, chanzo chake kikuu kikiwa wizi wa ng'ombe. Nguvu yake ilikuwa ujuzi wa kijirani: nani hutoka usiku, nani ana mali isiyojulikana ilikotoka. Ujuzi huo ungeweza kumlinda mtoto, lakini ulimtazama zaidi mwizi na mgeni. Mjomba au baba wa kambo hakuwa mtu wa kushukiwa.

Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 ilikuja na jibu la aina nyingine. Iliweka kifungo kisichopungua miaka 30 kwa ubakaji, na kifungo cha maisha aliyebakwa akiwa msichana wa chini ya miaka 10. Aidha, iliruhusu mahakama, ikiridhika kwamba mtoto anasema kweli, kumtia mshtakiwa hatiani kwa ushahidi wa mtoto huyo pekee. Hatua hii ya mwisho, kwa maoni ya mwandishi, ina thamani kuliko ukali wa adhabu. Adhabu hupima uzito wa kosa lililotendwa. Haisemi lolote kuhusu kosa lijalo. Tena mkosaji anapokuwa ndiye mlishaji wa kaya, miaka 30 yaweza kuwa sababu ya ndugu kulimaliza jambo nyumbani.

Mwaka 1999 Karl Hanson wa Kanada na David Thornton wa Uingereza walitoa kipimo cha Static-99, kinachokadiria uwezekano wa mwanamume aliyekwisha kupatikana na kosa la kingono kulirudia. Kipimo hiki hutegemea kumbukumbu za mashtaka na hukumu, na humwongezea alama aliyemdhuru mtu asiye ndugu yake. Huenda hesabu hiyo ni sahihi kwa wafungwa waliochunguzwa huko. Kikiletwa Mwamapalala kama kilivyo, kingerudia upofu wa sungusungu, kwani shauri lililomalizwa kwa fidia ya ng'ombe halina jalada, na mkosaji wa ndani ya ukoo angeonekana salama.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 uliwauliza vijana wenyewe badala ya majalada: takriban wasichana 3 kati ya 10, na mvulana 1 kati ya 7, walieleza kufanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Mpango wa kitaifa ulioanza mwaka 2017/18 ukaagiza kamati za ulinzi wa wanawake na watoto hadi ngazi ya kata na kijiji. Kihistoria, umuhimu wa kamati hizo umo katika daftari lake: hapo lalamiko dhidi ya jamaa laweza kuandikwa hata lisipofika mahakamani, na jina likijitokeza mara ya pili, likatambuliwa.