Urithi wa Kiwanja: Kutoka Nairobi hadi Mbamba Bay

Katika raga ya wachezaji saba, baada ya trai mpigaji huuangusha mpira, hungoja udunde, kisha huupiga kati ya milingoti. Ustadi huo hutaka kiwanja, mpira na mwalimu. Nchini Kenya, walowezi wa Kiingereza waliviweka hivyo katika klabu na shule zao. Waafrika wakavirithi, hasa baada ya uhuru wa 1963. Mei 2016, jijini London, Collins Injera akaivunja rekodi ya trai 230 ya Santiago Gómez Cora katika mashindano ya Msururu wa Dunia.

Huku Mbinga, kahawa ilistawishwa na wakulima wadogo wa Kimatengo. Hapakuwa na jamii kubwa ya walowezi ya kurithiwa. Mtoto wa Mbamba Bay apigaye mpira mchangani atapata kiwanja kutoka bajeti ya halmashauri, au asikipate kabisa.