Kitawanyajoto: Jina na Kazi ya Hitisinki

Fundi yeyote wa redio anaijua hitisinki: kipande cha alumini chenye mapezi kinachofungwa kwa skrubu mgongoni mwa regyuleta. Wapo wanaokiita kipozajoto. Mimi napendekeza kitawanyajoto, na sababu yangu imo katika hesabu ya regyuleta yenyewe.

Tuchukue 7805, ile ya miguu mitatu inayotoa volti 5. Ukiifunga kwenye betri ya volti 12 ili ilishe kifaa kinachovuta nusu ampea, kuna volti 7 za ziada. Regyuleta ya aina hii haina pa kuzihifadhi; huziteketeza kuwa joto. Volti 7 mara ampea 0.5 ni wati 3.5, ilhali kifaa chenyewe kinapata wati 2.5 tu. Basi joto hapa si dalili ya ubovu. Ndiyo njia pekee ambayo regyuleta hii inajua ya kushusha volti.

Joto hilo huanzia kwenye kiini cha silikoni, na sharti lisafiri hadi hewani. Njiani hukutana na ukinzani, unaopimwa kwa nyuzi kwa kila wati. Kwa 7805 ya umbo la TO-220 isiyofungwa chochote, ukinzani huo ni kama nyuzi 65 kwa wati. Kwa wati 3.5, kiini kingepanda zaidi ya nyuzi 220 juu ya joto la hewa. Hakifiki huko: kinga iliyomo ndani huizima regyuleta mapema, ikipoa inawaka tena, na mteja anarudi kulalamika kuwa kifaa kinajizimazima.

Tufunge hitisinki sasa. Kiini kisivuke nyuzi 125. Mchana wa Dar es Salaam hewa ikiwa nyuzi 35, tuna nafasi ya nyuzi 90. Gawa kwa wati 3.5, kisha toa 5 za kutoka kiini hadi bati la mgongo na 1 ya pesti inayopakwa kati ya bati na hitisinki: hitisinki ya nyuzi 19 kwa wati, ambayo ni ndogo tu, inatosha. Lakini betri ya sola inapochajiwa hufika volti 14.4, na wati zinakuwa 4.7. Ukiifungia regyuleta katika kisanduku cha plastiki chenye hewa ya nyuzi 50, sasa unahitaji ya nyuzi 10 kwa wati au pungufu.

Hapo ndipo neno kipozajoto linapopotosha. Alumini haizalishi ubaridi, wala peke yake haiwezi kuwa baridi kuliko hewa inayoizunguka. Kazi yake ni kulipokea joto na kulisambaza juu ya eneo pana ili hewa ilichukue. Kitawanyajoto linasema hivyo hasa, tena limeundwa kwa kalibu tuliyoizoea ya kipimajoto na kipazasauti.

Istilahi hiyo inamfundisha kijana anayejifunza kazi. Akiisikia atauliza: joto litawanyike wapi? Atasimamisha mapezi wima ili hewa ya moto ipande, na kutoboa kisanduku chini na juu. Akifunga regyuleta ya LM317, ambayo bati lake la mgongo hubeba umeme unaotoka, ataweka kipande cha maika katikati, kwa maana joto lipite lakini umeme usipite. Na hesabu ataipiga kwa volti ya juu kabisa ya betri, saa ya jua kali.