Udongo Wenye Kina: Habari za Vilima vya Kondoa

Katika mfano wa mpanzi Bwana wetu Yezu alitaja mahali mbalimbali ilipoangukia mbegu. Sisi makatekista tukiufundisha mfano huo hukimbilia upesi maana yake ya roho, nasi twafanya vema. Lakini mkulima aliyeketi nyuma kanisani amekwisha kusikia jambo jingine: kwamba mbegu ya mwambani ilikauka kwa sababu udongo wake haukuwa na kina. Hilo halihitaji kufafanuliwa kwake. Leo nataka kuketi karibu na mkulima huyo, nizungumze juu ya udongo wenye kina, na juu ya jambo la ajabu lililoupata katika nchi moja ya jirani.

Watu wanaojua kina cha udongo kupita wote ni wachimba makaburi. Mara nyingi nimesimama nao nikingoja wamalize. Mahali pengine jembe hugonga mwamba kabla shimo halijafika magotini, ndipo kazi ya saa mbili inakuwa ya siku nzima. Mahali pengine huchimba hata kimo cha mtu, na udongo ni ule ule toka juu hata chini: mwekundu, mwororo, bila mawe na bila maji yanayochuruzika shimoni. Ukiuchukua mkononi na kuufinya ukiwa na unyevu kidogo, unashikana kama donge. Ukiligusa donge kwa kidole, linavunjika. Ndio huo waitao udongo tifutifu. Ni mchanganyiko wa mchanga, wa vumbi laini sana, na wa udongo wa mfinyanzi kidogo. Mchanga unapitisha maji na hewa, mfinyanzi unashika maji na chakula cha mimea. Ukizidi mchanga, mvua yote inazama na mahindi yanabaki na kiu. Ukizidi mfinyanzi, maji yanatuama na mizizi inaoza. Na ule wekundu ni kutu ya chuma iliyomo ndani yake, dalili kwamba hewa inapita. Mahali panapotuama maji udongo huwa wa kijivu, wenye madoadoa.

Udongo wa namna hii hupatikana sana kitakoni mwa vilima, pale mteremko unapolegea kabla ya kufika bondeni. Juu kilimani mwamba huoza polepole, mvua huubomoa ule uliooza na kuutelemsha, nao hupumzika kitakoni, mwaka baada ya mwaka, hata ukawa mnene. Hapo nyasi hupeleka mizizi yake mbali chini, na jua likikausha juu, mizizi bado inakunywa. Ndiyo sababu wachungaji hupapenda mahali hapo, na wakulima pia. Kila mtu anapataka.

Basi twendeni Kondoa. Ukivuka ziwa Tanganika, ukapita Tabora na kufika Dodoma, unageuka kaskazini kwa njia ya Arusha, kama kilometa 160. Huko ni vilima vya Irangi, nchi ya Warangi, ambao ni wakulima na wafugaji pamoja. Mvua yao ni ya majira moja tu, toka Novemba au Desemba hata Aprili au Mei. Miezi inayobaki ni ukame. Kitakoni mwa vilima hivyo ulikuwako udongo mwekundu wenye kina, wenye mchanga kidogo zaidi. Leo katikati ya udongo huo yapo makorongo yenye kuta za wima, mengine kina chake kinapita mita kumi. Mtu anaweza kusimama chini humo asionekane wala yeye wala nyumba yake.

Yametokeaje? Hapa ndipo penye fumbo. Mahali penye udongo haba, mvua ikiisha kuuondoa hugonga mwamba, na mwamba huyaambia maji: basi, komeni. Lakini kitakoni mwa Irangi mwamba ulikuwa mbali mno. Nyasi zilipokwisha, matone ya mvua ya kwanza, ambayo ni mazito, yaliupigapiga ule uso mtupu na kuufunga kama sakafu. Kwato za ng'ombe nazo zilikuwa zimekwisha kuukanyaga. Maji ambayo zamani yalizama, sasa yalikimbia. Yalifuata njia za ng'ombe ziendazo mtoni, yakazifanya mifereji, na mfereji ukiisha kupasua ile sakafu ya juu, chini yake hakuna cha kuuzuia. Kwa hiyo sifa zile zile tulizozisifu, kina na ulaini, ndizo zilizoyapa makorongo nafasi ya kushuka.

Waingereza walipoitawala Tanganika walisema kosa ni la mwenyeji na ng'ombe wake wengi. Si uongo wote, lakini ni habari iliyokatwa kichwa. Mwaka 2000 wataalamu walitangaza matokeo ya kazi yao ya Haubi, katika vilima hivyo. Waliupima mchanga uliofukiwa kitakoni, kwa njia inayoonyesha punje ya mchanga iliona mwanga wa jua mara ya mwisho lini. Wakaona kwamba udongo ule ulianza kutelemka zaidi ya miaka 10,000 iliyopita, kabla hapajawa na mkulima yeyote huko. Na kwamba uliongezeka kama miaka 900 iliyopita, walipokuwako watu wa jembe na shoka la chuma. Yaani udongo wenyewe mzuri wa kitakoni ni mtoto wa mmomonyoko wa zamani. Kilimo kiliuongeza mwendo. Karne ya 19 na ya 20 zikauzidisha kabisa.

Misafara ya pembe ilipita Kondoa ikinunua chakula, na mashamba yakapanuka. Wadachi wakaweka boma. Mwaka 1916 vita ikafika: mwezi wa Aprili majeshi ya Afrika ya Kusini yaliitwaa Kondoa, na mwezi wa Mei Wadachi wakajaribu kuirudisha, wasiweze. Babu zetu wa Force Publique waliingia Tabora mwezi wa Septemba mwaka ule ule, nao walijua jinsi jeshi linavyokula nchi linamopita. Baadaye, katika miaka ya 1920 na 1930, vichaka vya nyika ya chini vilikuwa na mbung'o waletao malale kwa watu na ugonjwa kwa ng'ombe. Watu wangekwenda wapi? Walibanana vilimani, palipokuwa peupe na salama, pamoja na mifugo yao. Anayewalaumu Warangi kwa kulundika ng'ombe mahali pamoja, na awalaumu mbung'o kwanza.

Serikali ya Waingereza iliwaamuru watu kuchimba matuta ya kukinga maji na kuzifunga sehemu nyingine zisilishwe. Kazi nyingine haikuwa mbaya. Ila ilikuwa ya amri, na watu waliichukia kama walivyochukia kodi. Uhuru ulipofika mwaka 1961, wengi waliyaacha matuta. Mtu hatunzi tuta alilochimba kwa kushurutishwa.

Mwaka 1973 serikali ya Tanzania ikaanzisha kazi mpya, iliyosaidiwa na Uswidi, jina lake Hifadhi Ardhi Dodoma, kwa kifupi HADO. Yakaja matrekta na tingatinga, matuta marefu yakachimbwa, miti ikapandwa. Lakini ng'ombe walikuwa bado wanatembea juu ya matuta hayo na kula miche. Ndipo mwaka 1979 lilipotolewa agizo zito: mifugo yote iondoke katika eneo lililoharibika, kilometa za mraba 1,256. Si ng'ombe peke yao. Mbuzi, kondoo na punda pia. Walikuwa karibu 90,000.

Naomba tusimame hapa kidogo, maana vitabu vya wataalamu hupita upesi. Ng'ombe kwa Mrangi si nyama tu. Ni maziwa ya mtoto, ni mbolea ya shamba, ni mahari ya kijana, ni akiba ya siku ya ugonjwa. Punda ndiye aliyechukua mizigo. Wenye jamaa nje ya vilima waliwapelekea mifugo yao. Wengine waliuza kwa bei ya mtu asiye na hiari. Na wale waliokaa nyika za chini waliona makundi ya wageni yakishuka juu ya malisho yao, wakauliza kwa haki kama mmomonyoko umeponywa au umehamishwa. Siwezi kusema kwamba agizo lile halikuwa na ukali. Tena waliolipa walikuwa wenye ng'ombe wawili watatu, maana mwenye kundi kubwa alikuwa na mahali pengine pa kuliweka.

Hata hivyo, kilichofuata kilionekana na kila mtu. Nyasi zilirudi katika majira machache, bila kupandwa. Visiki vya miyombo vilivyodhaniwa kuwa vimekufa vikachipuka, kwa kuwa mizizi ilikuwa hai chini katika udongo ule wenye kina. Mvua ikaanza kuzama tena. Kumbe miti iliyopandwa kwa fedha nyingi haikufanya kazi nyingi kama vichaka vilivyoachwa vijiotee vyenyewe.

Mwaka 1989 ng'ombe wakaruhusiwa tena, lakini kwa sharti: wawe wachache, wa maziwa, wafungwe zizini na kuletewa majani. Aliyekuwa mchungaji akawa mkata majani, na watoto waliozoea kulifuata kundi wakajifunza kubeba mafungu kichwani. Wazee wengine walicheka: sasa mtu ndiye anayemtembelea ng'ombe. Lakini samadi ilikuwa karibu na shamba, haikutawanyika tena njiani.

Na makorongo hayakujifunga. Udongo uliokwisha kuondoka ulikuwa umelala mabondeni, ukiwa mchanga mweupe uliotandaa katika mito mipana isiyo na maji muda mwingi wa mwaka. Lakini katika miaka ya 1980 mito hiyo ikaanza kusinyaa. Maji hayakuja tena kwa kishindo, yakajifanyia njia nyembamba katikati, matete yakashika kingo, na pembeni, juu ya mchanga ule uliotoka vilimani, watu wakapanda miwa.