Ritifaa Iliyokosekana: Jina la Wanging'ombe na Historia ya Utatuzi wa Migogoro ya Majina ya Kikoa Yaliyokosewa Tahajia

1.0 Utangulizi

Igwachanya ni makao makuu ya Wilaya ya Wanging'ombe, katika Mkoa wa Njombe uliomegwa kutoka Mkoa wa Iringa mwaka 2012. Kwa mujibu wa tahajia ya Kiswahili sanifu, jina la wilaya hiyo lina sauti mbili zinazofanana kwa herufi lakini zinazotofautiana kwa matamshi. Ya kwanza ni ng kama ilivyo katika neno ngoma. Ya pili ni ng' kama ilivyo katika neno ng'ombe. Kinachozitenganisha katika maandishi ni alama moja ndogo, yaani ritifaa. Hata hivyo, anwani ya Halmashauri ya Wilaya hiyo katika intaneti ni wangingombedc.go.tz. Ritifaa haimo, na kuondoka kwake hakukutokana na uzembe wa mwandishi yeyote, kwa sababu mfumo wa majina ya kikoa hauipokei alama hiyo.

Jambo hili laweza kuonekana dogo. Uzito wake hudhihirika linapowekwa kando ya kanuni zinazotumika duniani kutatua migogoro kati ya wenye alama za biashara na watu wanaosajili majina ya kikoa yaliyokosewa tahajia kwa makusudi. Kanuni hizo zilijengwa juu ya dhana kwamba kila jina lina tahajia sahihi inayoweza kuandikwa katika mfumo, na kwamba anayeiacha tahajia hiyo ana lake jambo. Insha hii inajenga hoja kwamba dhana hiyo haikidhi hali ya majina ya Kiswahili yenye ng'. Kwa majina hayo, kosa la kwanza la tahajia hufanywa na mfumo wenyewe, na hivyo kosa hilo haliwezi peke yake kuwa ushahidi wa nia mbaya. Hoja hiyo inafuatiliwa kihistoria, kuanzia usanifishaji wa tahajia, kupitia kanuni za kiufundi za miaka ya 1980, hadi taratibu za utatuzi zilizoanza mwaka 1999 na nafasi ya Tanzania ndani yake.

2.0 Tahajia Kabla ya Intaneti

Tahajia inayotumika leo nchini Tanzania ni matokeo ya uamuzi wa kitaasisi. Mkutano wa elimu uliofanyika Dar es Salaam mwaka 1925 ulilijadili suala la lugha moja ya kufundishia. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulichagua Kiunguja kuwa msingi wa usanifishaji, na mwaka 1930 Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilianza kazi ya kuratibu vitabu, msamiati na maandishi. Kamusi iliyohaririwa na Frederick Johnson na kuchapishwa mwaka 1939 iliimarisha tahajia hiyo. Baada ya Uhuru, jukumu la kusimamia lugha lilikabidhiwa Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa kwa sheria mwaka 1967.

Katika tahajia hiyo, ritifaa si pambo. Kung'ara ni kutoa nuru, ilhali Ngara ni wilaya mkoani Kagera. Kung'oa ni kutoa kitu kilichoshika ardhini, ilhali ngoa ni tamaa au wivu. Ritifaa ikiondolewa, maneno hayo huwa kitu kimoja machoni ingawa masikioni yanabaki mawili. Aidha, sauti hii imeenea katika majina ya mahali: Chang'ombe jijini Dar es Salaam, Nyang'hwale mkoani Geita, na Murang'a nchini Kenya. Wanging'ombe ni mfano mmoja katika orodha ndefu.

3.0 Kanuni za Kiufundi na Kupotea kwa Ritifaa

Mfumo wa majina ya kikoa ulibuniwa na Paul Mockapetris nchini Marekani mwaka 1983, na maelezo yake ya msingi yakatolewa upya mwaka 1987. Lengo lilikuwa kumwondolea mtumiaji mzigo wa kukariri namba za kompyuta na kumpa majina badala yake. Majina hayo yalifuata desturi iliyokuwapo tayari katika mitandao ya wakati huo: herufi za Kilatini kuanzia a hadi z, tarakimu kuanzia 0 hadi 9, na kistari kifupi ambacho hakiruhusiwi kuanza wala kumaliza jina. Kila sehemu ya jina isizidi herufi 63. Herufi kubwa na ndogo huhesabiwa kuwa sawa.

Uamuzi huo haukuwa na nia ya kuibagua lugha yoyote. Wahandisi walihitaji seti finyu ya alama ambazo kila kompyuta ingezisoma bila utata, na katika programu nyingi ritifaa ilikuwa na kazi nyingine ya kufungia maneno. Lakini matokeo yake kwa Kiswahili ni dhahiri. Lugha hii huandikwa karibu yote kwa herufi zinazokubalika katika mfumo, hivyo haikuonekana kuwa na tatizo. Mageuzi yaliyoanza mwaka 2003 yaliwezesha majina ya kikoa kuandikwa kwa Kiarabu, Kichina na herufi za Kilatini zenye alama za juu na chini. Ritifaa ya kawaida ya kibodi ilibaki nje. Kwa hiyo lugha zenye tofauti kubwa ya maandishi zilipata suluhisho, na lugha yenye tofauti ndogo ikasahauliwa.

4.0 Kuzuka kwa Biashara ya Makosa ya Tahajia

Intaneti ilipogeuka kuwa soko katika miaka ya 1990, walitokea watu waliotambua kuwa kidole kinachoteleza kwenye kibodi kina thamani. Walisajili majina yaliyokaribiana na yale maarufu, wakayaelekeza kwenye kurasa za matangazo, na kulipwa kwa kila mgeni aliyepotea njia. Kesi iliyoweka msingi katika mahakama za Marekani ni ya Shields dhidi ya Zuccarini, iliyoamuliwa na mahakama ya rufaa tarehe 15 Juni 2001. Joseph Shields alikuwa mchoraji wa vibonzo mwenye tovuti ya joecartoon.com. John Zuccarini alisajili majina matano yanayokaribiana nalo, likiwamo joecarton.com lililopungukiwa herufi moja. Mahakama ilikubali kwamba kusajili makosa ya tahajia kwa makusudi kunakatazwa na sheria iliyopitishwa nchini humo Novemba 1999, na ikathibitisha fidia ya dola 10,000 kwa kila jina.

Mahakama za nchi moja hazikutosha, kwa kuwa msajili wa jina anaweza kuwa upande mwingine wa dunia. Shirika la Miliki Ubunifu Duniani, WIPO, lilitoa ripoti Aprili 1999 likipendekeza utaratibu wa kiutawala usiohitaji mahakama. Mwaka huohuo ICANN, taasisi inayoratibu majina na namba za intaneti, iliidhinisha Sera Sare ya Utatuzi wa Migogoro ya Majina ya Kikoa. Uamuzi wa kwanza chini ya sera hiyo, uliohusu worldwrestlingfederation.com, ulitolewa tarehe 14 Januari 2000.

Mlalamikaji chini ya sera hiyo hutakiwa kuthibitisha mambo matatu kwa pamoja. La kwanza ni kwamba jina la kikoa linafanana na alama ya biashara aliyo na haki nayo, au linakaribiana nayo kiasi cha kuchanganya watu. La pili ni kwamba mlalamikiwa hana haki wala maslahi halali katika jina hilo. La tatu ni kwamba jina lilisajiliwa na linatumika kwa nia mbaya. Mlalamikiwa hupewa siku 20 kujibu. Jopo la mtu mmoja au watatu huamua kwa kusoma nyaraka, na linaweza tu kuamuru jina lifutwe au lihamishiwe kwa mlalamikaji. Haliwezi kutoa fidia.

Kuhusu makosa ya tahajia, misimamo ya majopo imekusanywa katika muhtasari wa WIPO ambao toleo lake la tatu lilitoka mwaka 2017. Kosa la wazi au la makusudi huhesabiwa kuwa linakaribiana na alama. Zaidi ya hayo, kosa hilo kwa kawaida huchukuliwa kuwa ishara ya nia ya kuwapotosha wanaomtafuta mwenye alama. Hivyo kosa moja hufanya kazi mbili: huthibitisha ufanano na huchangia kuthibitisha nia.

5.0 Nafasi ya Tanzania

Kikoa cha taifa cha .tz kiliingizwa katika mfumo wa dunia mwaka 1995. Mwaka 2006 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania na chama cha watoa huduma za intaneti walianzisha kituo cha tzNIC, ambacho kilikabidhiwa rasmi usimamizi wa .tz mwaka 2010. Kituo cha usuluhishi cha WIPO kilichoko Geneva nacho kinapokea migogoro inayohusu majina ya .tz. Kwa upande wa alama za biashara, Tanzania Bara inaongozwa na Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya mwaka 1986, na usajili hufanywa na BRELA. Usajili wa kwanza hudumu miaka 7 na huhuishwa kila baada ya miaka 10. Zanzibar ina sheria na msajili wake.

Taratibu hizi mbili zilikua bila kuangaliana. Katika daftari la alama za biashara, alama huandikwa au kuchorwa kama mwenyewe atakavyo, ritifaa ikiwamo. Katika daftari la majina ya kikoa, ritifaa haiwezekani. Mtu mmoja mwenye jina moja hulazimika kuwa na maandishi mawili.

6.0 Mfano wa Igwachanya

Ichukuliwe hali ya kufikirika. Mkamuaji wa mafuta ya alizeti wa Igwachanya amesajili BRELA alama yenye neno la Kiswahili lililo na ng' ndani yake. Mtu mwingine anasajili jina la kikoa lenye neno hilohilo bila ritifaa. Je, amekosea tahajia? Kwa jicho la Kiswahili, amekosea. Kwa jicho la mfumo, ameandika umbo pekee linalokaribia usahihi. Jopo litaona bila shida kwamba jina linafanana na alama, kwa sababu alama zisizoweza kuandikwa katika kikoa huachwa pembeni wakati wa kulinganisha. Sharti la kwanza limetimia. Lakini ile kazi ya pili ya kosa, yaani kuashiria nia, imetoweka. Kila mtu, mwema na mbaya, angeandika vivyo hivyo. Mlalamikaji hana budi kutafuta ushahidi wa nia mahali pengine: kurasa zinazouza bidhaa shindani, ombi la kuuziwa jina kwa bei ya kuruka, au mwenendo wa kusajili majina ya watu wengi.

Hali hugeuka zaidi pale mtu anapotumia kistari badala ya ritifaa, akaandika ng-ombe. Msemaji wa Kiswahili anaweza kufanya hivyo kwa uaminifu, akijaribu kuhifadhi mpaka wa sauti kwa alama pekee iliyoruhusiwa. Mwanajopo asiyejua Kiswahili anaweza kuona ujanja wa kawaida wa kupachika kistari. Lugha ya shauri kwa kawaida hufuata lugha ya mkataba wa usajili, ambayo si lazima iwe Kiswahili. Hivyo maelezo kuhusu ng' yasipotolewa na mhusika mwenyewe, hakuna atakayeyatoa.

Kwa Halmashauri, tatizo ni la aina nyingine. Jina la mahali si alama ya biashara kwa kuwa tu ni jina la mahali. Mwaka 2000 jopo la WIPO liliamuru barcelona.com ihamishiwe kwa halmashauri ya jiji la Barcelona, lakini mwaka 2003 mahakama ya rufaa nchini Marekani ilitengua matokeo hayo kwa msingi kwamba jina la jiji halikuwa na ulinzi wa alama ya biashara chini ya sheria za nchi hiyo. Kinachoilinda Halmashauri ya Wanging'ombe, basi, ni sehemu ya go.tz iliyotengwa kwa taasisi za Serikali. Mwananchi anayejua kuitazama sehemu hiyo hatapotoshwa na herufi iliyozidi au kupungua upande wa kushoto.

Lipo pia suala la gharama. Ada ya WIPO kwa jopo la mtu mmoja, kwa jina moja hadi matano, ni dola 1,500 za Marekani. Kwa kampuni kubwa hiyo ni ada ndogo. Kwa mkamuaji wa alizeti, inaweza kuzidi thamani ya jina lenyewe. Kinga inakuwa rahisi kuliko tiba: kusajili mapema umbo lisilo na ritifaa pamoja na lile lenye kistari, na kutunza risiti na vifungashio vinavyoonyesha kwamba wateja wanaijua bidhaa kwa maumbo yote hayo.

7.0 Hitimisho

Historia iliyofuatiliwa hapa inaonyesha tabaka tatu za maamuzi yaliyofanywa mbali na Igwachanya na kwa nyakati tofauti. Wanaisimu wa miaka ya 1920 na 1930 waliisanifisha tahajia inayoipa sauti moja alama yake. Wahandisi wa miaka ya 1980 waliiondoa alama hiyo bila kujua kwamba kuna wanaoitegemea. Wanasheria wa mwaka 1999 na baadaye waliifanya tahajia kuwa kipimo cha uaminifu. Hakuna tabaka lililokosea kwa vigezo vyake. Kasoro ipo katika maungio yao.

Marekebisho hayahitaji kuvunja mfumo. Inatosha utatuzi wa migogoro ya .tz utambue waziwazi kwamba kukosekana kwa ritifaa katika jina la Kiswahili si kosa la tahajia, na kwamba kistari mahali pa ritifaa si dalili ya hila mpaka ithibitishwe hivyo. Baraza la Kiswahili la Taifa lina nafasi ya kutoa mwongozo wa namna ng' inavyopaswa kuandikwa pale ritifaa isipowezekana. Hadi hapo, wilaya itaendelea kuwa na jina moja katika barua na jingine katika intaneti, na mwenye bidhaa atakayepeleka malalamiko atapaswa kuanza kwa kueleza jinsi jina lake linavyotamkwa.