Homa ya uti wa mgongo

Nomino, ngeli ya I-/ZI-.

Maana: Ugonjwa wa kuvimba kwa tando zinazofunika ubongo na uti wa mgongo. Huletwa na bakteria, virusi au kuvu.

Muundo wa jina: Uti una mzizi -ti, uleule wa mti na kijiti, ni kitu kirefu kinachobeba vingine. Jina limezoeleka Tanzania na Kenya na halina haja ya kubadilishwa. Hata hivyo, mfasiri wa maandishi ya hospitali hana budi kujua kwamba sehemu zake zote mbili zaweza kumpotosha msomaji, hasa ugonjwa unapoletwa na kuvu aina ya kriptokokasi, ambayo huwapata zaidi watu wenye kinga dhaifu kwa sababu ya VVU. Homa yaweza kuwa ndogo au isiwepo. Dalili kuu ni kichwa kuuma kwa siku nyingi. Nao mgongo hauumwi kuliko ubongo.

Matumizi: Mgonjwa wa Mwika anayepewa rufaa kwenda Hospitali ya KCMC mjini Moshi, akiambiwa ana homa ya uti wa mgongo na kwamba atachomwa sindano mgongoni, ni rahisi adhani kuwa dawa inawekwa hapo. Sivyo. Sindano ile hutoa majimaji yanayozunguka ubongo na uti wa mgongo ili yapimwe. Na katika ugonjwa wa kriptokokasi, kuyatoa hupunguza shinikizo kichwani, tena huenda ikabidi kurudiwa. Anayeikataa kwa hofu hukosa kipimo na nafuu kwa pamoja. Kwa hiyo kitenzi sahihi ni kutoa, si kuweka wala kuchoma peke yake.

Dawa hupita njia nyingine: damu. Vishipa vidogo vya ubongo vimejengwa kwa seli zilizobanana mno, nazo huzuia vitu vingi visivuke. Ndiyo maana dawa hutofautiana:

– Flukonazoli (vidonge au dripu) na flusitosini (vidonge) ni molekuli ndogo. Huvuka vizuri, kiwango chao katika majimaji ya ubongo huzidi nusu ya kile cha damuni.

– Amfoterisini B ni molekuli kubwa, hutiwa mshipani kwa dripu. Kiasi kidogo mno huonekana katika majimaji hayo, lakini ni miongoni mwa dawa zenye nguvu kuu ya kuua kuvu hii.

Hivyo basi, kufika, kuvuka na kuponya si visawe. Dawa yaweza kuvuka kwa uchache na bado ikaponya. Utafiti wa ACTA, ulioshirikisha Tanzania, Malawi, Zambia na Kameruni na kuchapishwa mwaka 2018, ulionyesha pia kuwa vidonge vya flukonazoli na flusitosini vikitumiwa pamoja kwa majuma mawili ni tiba inayofaa. Dawa inayomezwa hufika kichwani. Mgonjwa anastahili kuelezwa hivyo.

Mifano:

Epuka: Utachomwa sindano ya homa ya uti wa mgongo.
Andika: Daktari atatoa majimaji kidogo mgongoni kwa sindano. Dawa utapewa kwa dripu mkononi na kwa vidonge.

Epuka: Dawa inaingia kwenye uti wa mgongo.
Andika: Dawa hupita katika damu hadi kwenye ubongo na tando zake.

Angalizo: Fangasi ndilo neno la mazungumzo na la duka la dawa; kuvu ni la vitabu. Kwa kuwa wengi hulihusisha fangasi na ngozi na kucha, karatasi ya mgonjwa itumie yote mawili mara ya kwanza: kuvu (fangasi) walioingia kwenye ubongo.

Linganisha: utando, ubongo, kuvu, dripu. Matumizi ya sitiari, kama katika kilimo ni uti wa mgongo wa taifa, yameelezwa chini ya uti.